Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, ndugu waalikwa, na nyinyi wagonjwa wetu mnaoingia mkutano mkuu kwa mara ya kwanza mkiwa na haki ya kupiga kura: karibuni sana. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, nami sitamwingilia. Katibu ameandaa ukurasa mzima wa vikao, barua na safari za mwaka. Mmegawiwa, mtausoma wenyewe. Mimi nitasema juu ya yale tuliyoyasoma na kuyabishania kuhusu maumivu, maana ndiyo yaliyotufikisha kubadili katiba.

Hadi mwaka jana chama hiki kilikuwa cha wauguzi, matabibu, wafamasia na watu wa dawa za usingizi kama mimi. Mgonjwa alialikwa, akasimulia, akapigiwa makofi, akaondoka kabla ya chai. Aliyetugutusha ni mama mmoja mwenye kijana wa selimundu, yaani sikoseli. Usiku mmoja kijana alibanwa na maumivu ya miguu na kifua, mama akamkimbiza hospitali. Sitaitaja, na pengine ingekuwa yoyote. Mhudumu wa zamu alimtazama: hana jeraha, hana homa, simu mkononi. Akasema, "Huyu anadeka." Wakakaa kwenye benchi mpaka zamu ya asubuhi. Mama yule alitueleza hayo bila kupandisha sauti, kisha akauliza: "Presha mna mashine yake, sukari mna mashine yake. Maumivu mna mashine gani? Kama hamna, mwanangu mlimpima na nini?"

Nilikuwa mezani pale mbele na sikuwa na la kusema. Mashine haipo. Shirika la kimataifa la watafiti wa maumivu, IASP, liliandika upya maana rasmi ya neno maumivu mwaka 2020, na katika maelezo yake likasema wazi kwamba mtu akieleza kuwa anaumia, maelezo yake yaheshimiwe. Mtu anaweza kulidhani ni neno la huruma tu. Kwangu ni kanuni ya kazi: kipimo pekee tulicho nacho kimo kinywani mwa mgonjwa, na ukikitupa umebaki mikono mitupu.

Na asiye na kinywa je? Hapa nina deni langu la kusema. Mwaka 1987 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford kuhusu watoto njiti waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mshipa mkubwa karibu na moyo. Siku hizo ilikuwa kawaida, hata katika nchi tajiri, kumpasua mtoto mchanga kwa usingizi mwepesi sana na dawa ya kumlegeza misuli, bila dawa kamili ya maumivu, kwa imani kwamba neva zake hazijakomaa. Walioongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu, homoni zao za taharuki hazikupanda kama za wenzao, na walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji. Mimi nilianza kazi miaka michache baadaye, na habari hiyo haikuwa imetufikia. Nimewashika watoto wachanga wakishonwa, kisha nikatoka nje kuwaambia mama zao kwamba kichanga hasikii maumivu. Nilisema kwa nia njema na nilisema uongo.

Basi tuliamua mwaka huu tuanze na swali la kupima. Tulikwama kwenye namba kwanza. Mgonjwa huulizwa: toka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Wapo wanaojibu kumi kwa kuwa kumi kwa kumi ni sifa. Mzee mmoja alimwambia mwenzetu, "Hilo analijua Mungu, mimi siyo mwalimu wa hesabu." Kwa watoto wa miaka minne kwenda juu kuna karatasi ya nyuso sita ambayo walioitengeneza waliondoa makusudi tabasamu na machozi, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na huzuni bila kuumia, na anaweza kuumia bila kulia. Hiyo imetufaa. Watu wazima wengine waliiomba pia, wakacheka kwanza, wakanyoosha kidole.

Kisha maneno. Mtafiti Ronald Melzack, ambaye pamoja na Patrick Wall alitoa mwaka 1965 nadharia kwamba uti wa mgongo una mlango unaopitisha au kuzuia maumivu, alichapisha mwaka 1975 dodoso la maneno 78 ya Kiingereza katika makundi 20. Mgonjwa huchagua neno, na neno humpeleka daktari karibu na chanzo. Tukajiuliza, letu liko wapi? Kiswahili hakina njaa hapa. Kichwa huwanga. Jipu hupwita. Tumbo husokota, au hukeketa. Ubavu hushikwa na kichomi. Kidonda kikitiwa spiriti huchonyota, na kikigongwa hutoneka. Mwenye kisukari cha miaka mingi atakwambia nyayo zinawaka moto na papo hapo zimekufa ganzi, na maneno hayo mawili yakikaa pamoja yanaonyesha neva zenyewe zimeharibika. Hapo paracetamol haina kazi kubwa. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona na ya bei ndogo, ndiyo mojawapo ya zinazojaribiwa mwanzo. Neno moja limebadili dawa.

Lakini maneno yana mitego. Kwetu Tanzania anayesema "naumwa" huenda ana malaria tu na hakuna kiungo kinachomuuma. Wenzetu wa Kenya husema wanasikia uchungu wakiwa na jino bovu. Ukimuuliza mama wa Tanga kama ana uchungu, atashika tumbo akuulize nani kakwambia ana mimba. Tumeona fomu ya utafiti iliyofasiriwa upande mmoja na kuletwa upande mwingine vivyo hivyo. Majibu ya fomu kama ile sijui yanapima nini. Kutokana na hilo, kamati ndogo ilifungua daftari ambamo kila mwanachama anaandika neno alilolisikia kwa mgonjwa, mahali, na ugonjwa uliokuja kuthibitika. Bado si utafiti. Ni kuni za kuwashia utafiti.

Kwa ajili ya kijana wa mama yule tulisoma utafiti wa REACH, na naomba nikae hapa kidogo kwani umefanyika kwetu Afrika. Katika selimundu chembe nyekundu hupinda, hukwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu ndiyo inayopiga kelele. Dawa iitwayo haidroksiurea huamsha himoglobini (kibeba oksijeni katika damu) ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama, ambayo haikubali kupinda kirahisi. Ulaya na Marekani ilikuwa inatumika kwa miaka mingi. Afrika watu waliogopa kwamba ingewapunguzia watoto kinga na malaria ikawamaliza. Watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi, Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, walitibiwa. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018. Vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, maana yake ukiwafuatilia watoto mia kwa mwaka mmoja. Malaria haikupanda; ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Vifo navyo vilipungua.

Mfamasia wetu, ambaye hana kitu anachokipenda kama kasoro, alituonyesha kwamba hakukuwa na kundi la plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa: watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe katika miezi miwili kabla ya dawa. Ana haki. Huenda mtoto anayeonwa na daktari kila mwezi hupata nafuu hata kwa kuonwa tu. Lakini kushuka kwa zaidi ya nusu si jambo la kuonwa tu, na kikao kilikubaliana hivyo usiku, taa zikiwa zinazimikazimika.

Mwaka huu pia umeleta dawa mpya, na wengi mmeniuliza. Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini kwa maumivu makali ya muda mfupi ya watu wazima. Historia yake inanivutia kuliko bei yake. Mwaka 2006 watafiti waliandika kuhusu familia za kaskazini mwa Pakistan ambazo baadhi ya watoto wao hawakujua maumivu kabisa; mmoja alikuwa akijichoma visu mkononi mbele za watu barabarani, akafa kabla ya kutimiza miaka kumi na minne baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Kasoro ilikuwa katika kijilango kimoja cha sodiamu kwenye neva, kinachopitisha ishara ya maumivu. Suzetrijini huziba kijilango ndugu yake, kilichoko zaidi kwenye neva za pembeni, hivyo haileweshi wala haimfungi mtu kama dawa za jamii ya afyuni. Katika majaribio mawili makubwa, baada ya upasuaji wa tumbo na wa kifundo cha dole gumba la mguu, iliishinda plasibo. Haikuushinda mchanganyiko wa paracetamol na haidrokodoni, dawa ya jamii ya afyuni. Na kwa maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni, jaribio la awali lilikuta plasibo ikifanya vizuri sawasawa nayo. Kidonge kimoja kilitangazwa kwa dola 15.50, na kwa siku ni viwili. Msiisubiri kwenye kabati zetu.

Ila plasibo isidharauliwe. Mwaka 1978 huko California wagonjwa waliong'olewa meno walipata nafuu kwa plasibo, kisha walipopewa nalokzoni, dawa inayozuia afyuni, nafuu ile ikapungua. Mwili una afyuni yake.

Kuhusu mgongo nitakwenda mbio, ingawa ndio unaotusumbua sote tuliobeba wagonjwa. Mwaka 2023 watafiti wa Sydney, Australia, walichapisha jaribio la OPAL: watu 347 wenye maumivu mapya ya mgongo au shingo, na dawa ya afyuni haikushinda plasibo. Mwaka 2024, Australia hukohuko, likachapishwa jaribio la kutembea, watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Waliotembea kwa mpango walikaa kwa kawaida siku 208 kabla maumivu kurudi, wasiopewa mpango siku 112. Mimi nimeanza kutembea asubuhi. Mume wangu anasema natafuta udaku.

Lakini tusije tukachukua onyo la nchi zilizozama kwenye afyuni tukamnyima mofini, nayo dawa ya jamii hiyo, anayekufa kwa saratani. Ripoti ya tume ya Lancet ya 2017 ilikuta kuwa katika tani 298.5 za dawa za afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Jirani yetu Uganda alionyesha njia. Dkt. Anne Merriman, aliyefariki Mei mwaka huu akiwa na miaka 90, alifungua hospisi, kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, Kampala mwaka 1993 na mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji. Mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kutuliza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika mofini wenyewe. Nilikutana na wanafunzi wake kadhaa. Wote wana tabia moja: wanamuuliza mgonjwa, wanaandika jibu, wanarudi kuuliza tena kesho. Dawa isiyoandikwa haiagizwi.

Yapo mawili ya kupigia kura mchana huu. La kwanza, mtafiti yeyote atakayetaka kupitia kwetu alete kibali cha kamati ya maadili, ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mgonjwa amekisoma kwanza akakikosoa, na ahadi ya kurudi na matokeo. Miaka miwili iliyopita walikuja watu, wakajaza madodoso siku tatu, wakanywa soda zetu, na hatujawaona tena. La pili, mama wa yule kijana amependekezwa kuingia kamati ya mafunzo. Naona baadhi yenu mmenong'ona kwamba hana cheti. Ni kweli hana. Amekaa kwenye benchi lile.

Kwangu mimi, vipindi viwili vya uenyekiti vimekwisha na katiba hairuhusu cha tatu, hata baada ya kuibadili, niliangalia. Daftari la maneno nimemkabidhi Katibu. Kurasa tupu zipo nyingi, na kalamu nimeifunga kwa uzi ili isiondoke na mtu. Mweka Hazina, karibu.