Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Akili unde isiingie wodini bila kufanya mtihani wetu

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Vyuo vyetu vikuu vya afya vinasaini hati za makubaliano na vyuo vya nje ili kuingiza akili unde katika utafiti wa tiba na ufundishaji wa madaktari. Hatuna ugomvi na hilo. Tunaomba sharti moja tu: kila ushirikiano ulipie seti ya picha za mtihani wa kuipima programu, zitokane na wagonjwa wetu, zitunzwe hapa nchini, na mtengenezaji wa programu asizione kamwe.

Chukua kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika uchunguzi wa awali kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Programu haisemi "ana" au "hana". Inatoa alama, na binadamu ndiye anayeamua kuanzia alama ngapi mtu apimwe makohozi. Kiwango kilichopangwa nchi nyingine hakihamishiki hivihivi. Hospitali ya Kibong'oto, ya kifua kikuu mkoani Kilimanjaro, inapokea wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani wenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, na wengine wana makovu ya kifua kikuu cha zamani. Programu ikiona kovu hupandisha alama. Kiwango chetu kitapatikana kwa njia moja: kulinganisha alama na majibu ya makohozi ya watu walewale.

Hesabu yake ni hii. Kati ya watu 1,000, tuseme wagonjwa ni 10. Programu inayopatia asilimia 90 kwa wagonjwa na asilimia 90 kwa wazima itanasa wagonjwa 9, na itawanyooshea kidole wazima 99. Maabara itapokea watu 108 na kutumia katriji 108, yaani vikasha vya kupimia makohozi vinavyotumika mara moja, ili kuwapata hao 9. Kwa hiyo anayekuja ofisini kwako na "usahihi wa asilimia 90", muulize kwanza ni kati ya watu gani.

Kutengeneza seti yenyewe kuna mitego. Picha zitolewe kwenye mashine zikiwa faili za DICOM, yaani muundo wa kidijitali wa picha za hospitali, zisiwe za kupiga filamu kwa simu: faili ya eksirei kwa kawaida hubeba ngazi 4,096 za weusi na weupe, picha ya simu hubakiza 256, na kivuli chepesi cha juu ya pafu hupotea hapo. Jina la mgonjwa hufutwa kwenye taarifa za faili, lakini mara nyingi limechapwa pia juu ya picha yenyewe, pembeni, pamoja na namba ya jalada. Programu inayofuta taarifa za faili hailigusi. Mtu lazima akae apitie picha moja moja.

Kuna kosa baya zaidi, kwa sababu matokeo yake hupendeza. Wagonjwa wote wakitoka hospitali moja na wazima wote wakitoka mahali wanapopima afya za ajira, programu hujifunza kutambua mashine, si ugonjwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 kuhusu nimonia ulionyesha kuwa programu iliweza kutambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea, na kibati cha chuma anachoweka mpiga picha pembeni kilikuwa mojawapo ya vidokezo vyake. Vilevile mgonjwa aliyepigwa picha tatu wakati wa matibabu asigawanywe, mbili kwenye picha za kuifunza programu na moja kwenye za mtihani. Huko ni kuvujisha mtihani.

Kila picha isomwe na mabingwa wawili wa radiolojia bila kuonana, na wakitofautiana aamue wa tatu. Saa zao zilipwe. Bajeti nyingi za miradi hii zina fungu la seva na la tiketi za ndege. Fungu la wasomaji wa picha hulioni.

Darasani, cha msingi ni mpangilio. Mwanafunzi aandike jibu lake, lifungwe, ndipo aoneshwe jibu la mashine. Akianza na la mashine, ataona alichoambiwa. Zichanganywe pia picha ambazo mashine inajulikana kuzikosea. Kwa slaidi za malaria, aendelee kupitia sehemu 100 za darubini kabla ya kuandika "hakuna vimelea", kwa sababu rangi ya Giemsa, inayopakwa ili vimelea vionekane, ikichanganywa na maji yasiyo na pH (kipimo cha uasidi) sahihi ya 7.2 huacha slaidi ambayo programu iliyofunzwa kwa slaidi safi huikosea.

Mwisho ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini mtu anaweza kuandika kwenye hati kwamba data "zitashirikishwa kwa manufaa ya pande zote" na kuondoka nazo. Picha hazina haja ya kusafiri. Programu ndiyo ije: kusoma picha elfu chache kunahitaji kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro, na betri ya akiba kwa umeme unaokatika.

Kifungu tunachopendekeza ni hiki: "Seti ya mtihani itabaki chini ya chuo cha Tanzania, programu itapimwa humo kabla ya kutumika na kila inapobadilishwa toleo, matokeo yatatangazwa, mazuri na mabaya."

Wako,
Wahadhiri wa radiolojia, maabara na takwimu za tiba