Mabadiliko: maua yamewahi, tukutane Jumamosi hii

Habari za jioni ndugu zangu wa Maryland. Tulipanga kukutana wiki ijayo kutazama maua, lakini miti yangu miwili ya cheri imechanua yote tangu jana: matawi meupe pee, jani hata moja hakuna, nyuki wamejaa. Jumatatu mvua kubwa inakuja, itayapukutisha maua yote. Tusiyakose jamani.

1. Jumamosi saa 8 mchana, uani kwangu Silver Spring.
2. Dola 10 kila familia, za nyama na mkaa.
3. Chapati wataleta wale wale wa mwaka jana. Wengine leteni mikeka na chupa za chai.

Watoto wasivunje matawi. Maua yaliyoanguka waokote watakavyo. Mwenye mzio wa chavua ameze dawa mapema.

Tafadhali jibuni "tunakuja" na idadi yenu kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.