YAH: MALALAMIKO YA KUTOLEWA CHUMBANI HOSTELINI USIKU, GODORO LANGU NA PESA ZANGU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini mu wazima. Mimi ni yule wa chumba namba 14, kitanda cha juu upande wa dirisha, sidhani kama mmenisahau maana jina langu mlilibandika mlangoni kwa maka pen nyekundu mpaka wapita njia wakalisoma. Mkataba siwaelezei, mliuandika wenyewe, kifungu cha notisi mnakijua na siku zake mnazijua, sisi tulisaini tu.

Kilichonileta ni Alhamisi ya tarehe 3 Julai. Saa nne na dakika arobaini usiku, kesho yake nina UE (mtihani wa mwisho wa muhula) saa mbili asubuhi, matroni wenu akaingia bila hodi na yule kijana wenu wa usafi, akaniambia shuka. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia Mama mbona nimelipa, meseji hii hapa, 350,000, tarehe 12 Mei. Hata kuiangalia hakuiangalia. Akavuta begi langu uvunguni akafungua zipu akalimwaga koridoni, nguo za ndani, taulo za kike, madaftari, kile kimfuko changu cha dagaa, vyote chini, na huyo kijana akavuta godoro kutoka juu ya dabodeka mimi nikiwa bado nimelikalia. Alafu mbele ya wavulana wa diskasheni, ambao kwa sheria zenu wenyewe walitakiwa wawe wametoka saa mbili, akasema kwa sauti, "Wanaotaka kulala bure wakalale kwa mabwana zao." Nina miaka 22, Meneja. Hata shangazi zangu wakiwa na hasira zao hawajawahi kunitamkia hilo neno.

Na kosa lenyewe ni lipi? Eti nimelipa kwenye lipa namba ya zamani. Sasa mi nitajuaje ni ya zamani wakati karatasi yenye hiyo namba imebandikwa pale mapokezi juu ya kale kasaa kalikosimama, na mpaka Jumanne hii nimepita dirishani nimeiona bado ipo, nimeipiga picha na tarehe inaonekana. Namba ni yenu, jina la kampuni ni lenu, pesa iliingia kwenu, kama mmegombana na huyo wakala wenu wa zamani mkamalizane huko huko, mi nimelipa. Na nililipa siku ileile bumu (pesa ya mkopo wa kujikimu) liliposoma, sijakula nalo hata chipsi. Mnajua vizuri Bodi ya Mikopo inatupa elfu kumi kwa siku, chakula humohumo malazi humohumo, na waliotutangulia wanasema ile 2022 ilipopandishwa kutoka 8,500 na nyie kodi mkaipandisha hata wino haujakauka. Hilo sijaja kulilalamikia leo lakini mjue tunalijua.

Kabla ya hapo nilishakuja ofisini mara mbili, mwezi wa sita, baada ya kuona jina langu kwenye orodha ya wadaiwa. Mara ya kwanza yule dada wa mapokezi akasema wahasibu wameenda lanchi, ilikuwa saa tano asubuhi. Mara ya pili akapiga picha meseji yangu kwa simu yake akaniambia nenda kasome mdogo wangu, imeisha hiyo. Nikaenda nikasoma. Ningejua ningelala palepale kwenye benchi lenu.

Mwanzoni nilikuwa naomba vitu viwili tu, godoro langu mlilolifungia stoo, ambalo nililinunua kwa pesa ya mama yangu ya kuuza nyanya Ilula, na ile dipoziti yangu ya elfu hamsini. Basi. Nilitaka yaishe kimyakimya maana chuo chetu ni kidogo, tunajuana wote, ukipita kantini kila mtu anajua wewe ndo yule aliyemwagiwa begi.

Ila nikikaa nikikumbuka naona nimeomba kidogo sana. Kuna kitu hapo juu nilikiruka kwa heshima, sasa acha nikiseme. Matroni alipolimwaga lile begi mimi nilipiga magoti, sio kumwomba, nilikuwa naokota taulo za kike kabla wale wavulana hawajafika usawa wa ngazi, na mmoja alikuwa ameshatoa simu anarekodi. Nikiwa pale chini nikasema Mama naomba mpigie Meneja, yeye ataangalia kwenye sistimu. Akapiga. Akaweka spika. Koridoni kimya, mabinti wote wametoka milangoni na kanga zao, wanasikiliza. Na sauti iliyotoka mle, Ndugu Meneja, ni yako, usiseme sio yako, unaanza kila sentensi na "sikia", tumeshakusikia kwenye vikao vya wapangaji. Ulisema, "Sikia, mtoe, kama ana shida aje Jumatatu." Mtoe, kama anazungumziwa panya. Ndo matroni akapata nguvu za kulisema lile neno la mabwana, kabla hujakata simu, kwahiyo na wewe ulilisikia, na hukumwambia hata "Mama taratibu". Wenzangu sita walisikia na wote wako tayari kuandika.

Aje Jumatatu! Jumatatu yenyewe ilikuwa Sabasaba, nimekuja nimekuta kufuli.

Kwa wale ambao mnakaa kwenye ofisi zenye hita niwakumbushe Iringa mwezi wa saba ukoje saa tano usiku, upepo unashuka kutoka Gangilonga unaingia hadi kwenye mifupa. Hita zetu mlizikusanya mwezi wa tano mkasema zinakula LUKU, sawa. Usiku ule nililala kwenye kibanda cha mlinzi, yule babu ndo alinipa koti lake na akanisogezea jiko lake la mkaa, mlango ukiwa wazi ili moshi usituue, yeye akakaa nje mpaka alfajiri. Mzee wa watu mnamlipa sijui shilingi ngapi lakini utu wake ofisi nzima hamna. Na nisisikie mmemfukuza kwa hilo, nitajua.

Mtihani niliufanya. Uhasibu. Koti linanuka moshi, daftari la mazoezi lina dagaa katikati ya kurasa, kila nikifungua macho naona ile koridoni. Nikipata sapu (mtihani wa marudio) mjue mna mkono wenu. Saizi nabebwa na rafiki yangu gheto kule Kihesa, wawili kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, na hata huyo mama mwenye nyumba wa huku, ambaye hajasoma usimamizi wa hosteli popote, akitaka mtu atoke anakuja mchana, anakaa kwenye kiti, anakwambia mwanangu mwezi ujao natafuta mtu mwingine.

Kwahiyo ninachodai sasa ni hiki. Godoro. Dipoziti 50,000. Na ile 350,000 yote, sio ya wiki zilizobaki, yote, maana huwezi kumuuzia mtu usalama alafu ukamtoa nje usiku. Barua ya kuniomba radhi, imesainiwa na wewe pamoja na matroni, ibandikwe palepale mapokezi mahali pa ile karatasi ya lipa namba, ikae mwezi mzima ili waliosikia lile neno wasome na jibu lake. Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14 lakini nimeghairi, nawapa siku saba kuanzia siku mtakayopokea, na mnaipokea leo kwa mkono, dada wa mapokezi amenisainia nakala.

Zikipita siku saba sitarudi ofisini kwenu. Nitaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na meseji, picha ya karatasi na wale mashahidi sita, tukaulizane huko ni nani aliyewaruhusu kumtoa mpangaji bila notisi. Dini (Dean) wa wanafunzi nimeshamwonyesha, serikali ya wanafunzi nao wanasubiri kuona, na mwezi wa kumi fasti yia wakija kuulizia vyumba nitakuwa nimesimama getini na hii barua, nimeshaprinti kopi hamsini. Ile video na mimi ninayo, aliyerekodi alinitumia na kuniomba msamaha. Sijaiweka popote. Bado.

Ufunguo wa namba 14 ninao. Nitaurudisha siku nikisaini kupokea pesa yangu, na mnipigie kwanza nije na mtu wa kubeba godoro.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, chumba namba 14, kitanda cha juu

Nakala:
Dini wa Wanafunzi
Waziri wa Malazi, serikali ya wanafunzi
Mama, Ilula