Barua ya wazi kwa vijana wanaosaini mikataba yao ya kwanza

Wanangu wachezaji,

Kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, naomba mnisikilize juu ya Joe Jackson, mcheza besiboli wa Marekani, kwa kuwa wengi wenu mnaamini kwamba kazi ya mchezaji ni uwanjani tu, na kwamba karatasi ni shughuli ya viongozi na mawakala.

Jackson alizaliwa South Carolina mwaka 1887, akaingizwa kazini kwenye kiwanda cha nguo angali mtoto, hivyo shule ikampita. Uwanjani hakuwa na wa kumshika: mwaka 1911, akiwa na Cleveland, alifikisha wastani wa 0.408, yaani katika kila zamu kumi za kupiga alifaulu zaidi ya nne, ilhali mpigaji anayefaulu mara tatu tu huhesabiwa hodari. Inasimuliwa kwamba mkahawani alisubiri wenzake waagize, kisha akaomba kile kile, asije akagundulika kuwa hawezi kusoma orodha ya vyakula.

Mapema mwaka 1920, katibu wa Chicago White Sox, klabu aliyokuwa akiichezea wakati huo, alimfuata Savannah na mkataba wa miaka mitatu, dola 8,000 kwa mwaka. Mkewe, Katie, ndiye aliyezoea kumsomea. Safari hii, kwa maelezo ya Jackson mwenyewe, katibu alimhakikishia kwamba kifungu cha kumwachisha kwa notisi ya siku kumi kimeondolewa, naye akatia sahihi bila mtu wa upande wake kuusoma. Kifungu kilikuwemo.

Hata hivyo, msimfanye mtakatifu. Miezi michache nyuma, Oktoba 1919, timu yake ilishindwa na Cincinnati michezo mitano kwa mitatu katika World Series, yaani fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, baada ya wachezaji kadhaa kuhongwa na wacheza kamari. Jackson aliahidiwa dola 20,000. Mwenzake akamletea 5,000 ndani ya bahasha. Watetezi wake hutaja wastani wake wa 0.375 katika fainali hiyo. Mimi hoja hiyo hainitoshi, kwa sababu fedha alibaki nazo na akaendelea kucheza hadi Septemba 1920, alipokiri mbele ya jopo la mahakama kwamba alizipokea. Agosti 1921 baraza la mahakama liliwaachia huru wachezaji walioshtakiwa; kesho yake Landis, kamishna wa besiboli, akawafungia wanane wasicheze tena maisha yao yote.

Kinachonisumbua zaidi ni kesi ya mwaka 1924 kule Milwaukee, ambako Jackson aliidai klabu mishahara ya mkataba ule uliokatizwa. Wazee wa baraza walimpa haki, lakini jaji akautengua uamuzi wao, akisema mdai amesema uongo chini ya kiapo, maana maelezo yake yalipingana na yale ya 1920. Huenda dai lake lilikuwa halali kabisa. Bahasha ndiyo iliyomnyang'anya ulimi wa kulitetea. Alifariki mwaka 1951, na kifungo hicho cha kutocheza kikaondolewa Mei 2025.

Basi mkiletewa mkataba, ombeni nakala mwende nayo nyumbani mkalale nayo, usomwe na mzazi au mwanasheria asiyelipwa na klabu, na kila ahadi ya mdomo iandikwe ndani kabla ya sahihi. Akija mtu na bahasha usiku wa kuamkia mechi, msiipokee hata kwa nia ya kuirudisha kesho. Mwiteni nahodha na kocha usiku huo huo.

Ni mimi,
Mzee wenu