Msilinganishe simu kwa namba kubwa ya kwenye boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu ulinganisho wa simu mbili za bei nafuu mliouchapa wiki iliyopita, Tecno Pop 8 na Samsung Galaxy A05. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, na kando ya meza ya ufundi nina kabati la simu mpya ninazouza. Gazeti lenu linasomwa sana mtaani kwetu. Watu huja dukani wamelikunja kwenye ukurasa huo wa simu, wanaweka kidole kwenye jedwali, wanasema nipe hii. Mnachokiandika pale kinageuka hela inayotoka mfukoni mwa mtu siku hiyo hiyo, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Jedwali lilisema Pop 8 ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 na A05 ina GB 4. Mwandishi akajenga hukumu yake yote juu ya mstari huo, kwamba Tecno ina nguvu maradufu ya Samsung, tena kwa bei ya chini. Mstari huo una kosa. Matoleo mawili mliyoyaweka pale yana RAM sawa, GB 4 kwa GB 4. Nne nyingine za Tecno zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya ndani, pale pale panapokaa picha, video na sauti za WhatsApp. Kiwanda hakikuficha jambo hili. Hesabu yake ya 4+4 imeandikwa, ila kwa herufi ndogo kuliko ile nane. Mwandishi wenu alibeba kubwa akaacha ndogo. Na Samsung nayo ina utaratibu huo huo wa kuazima, inauita RAM Plus. Kama mnaamua kuhesabu cha kuazima, kihesabiwe pande zote mbili. Kama hamkihesabu, kisihesabiwe kwa yeyote.

Msomaji anaweza kuuliza, kwani kuna ubaya gani? Ubaya ni huu. RAM ni meza ya fundi, hifadhi ni stoo ya nyuma. Kilicho mezani unakishika papo hapo. Cha stoo sharti uinuke ukakifuate. Programu uliyoiacha kwa muda ikihamishiwa stoo, simu haihitaji kuifunga, na hiyo ni faida ya kweli, siikatai. Lakini ukiirudia inabidi irudishwe mezani kwanza, na hifadhi za simu za bei hii ni za polepole mno mbele ya RAM. Hapo ndipo mteja anapoona simu inastaki, anaigonga gonga kioo, mwisho anaizima na kuiwasha. Tena nafasi ya kuazima inakatwa kwenye GB 64 zile zile zilizoandikwa kwenye boksi. Mfumo umeshachukua sehemu yake, WhatsApp inachukua yake kila siku kwa video za harusi na mawaidha, na hifadhi ikikaribia kujaa simu nzima inakuwa nzito, uwe umenunua ya nane au ya nne. Ukiacha kubadili vioo, kazi inayoniletea watu wengi wenye simu za bei hii ni kusafisha hifadhi iliyojaa.

Lipo jambo ambalo jedwali halikuligusa kabisa, na kwangu ni kubwa zaidi. Pop 8 si simu moja. Ipo ya RAM GB 3 na ipo ya GB 4, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya GB 3 nayo hutangazwa kwa hesabu ya kujumlisha, unaona sita. Sasa mtu aliyesoma kwenu kwamba Pop 8 ina nane, akifika dukani akapewa ya sita, atadhani amepungukiwa kidogo tu. Ukweli ni kwamba anaondoka na tatu. Tofauti ya tatu na nne anaihisi kila anapotoka kwenye WhatsApp kwenda kutuma pesa na kurudi, akakuta ujumbe aliokuwa akiuandika umepotea kwa sababu simu imeifunga programu yenyewe ili ipumue.

Bibi mmoja wa Muheza alikuja na ukurasa wenu akiwa na hela za msimu wa machungwa. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanyoosha gazeti juu ya kaunta. "Mwanangu, nataka hii ya nane. Ya mjukuu wangu, anaanza chuo." Nikamtolea Pop 8, nikafungua mipangilio mbele yake, nikamwonyesha palipoandikwa 4+4. Akavaa miwani akasoma mwenyewe. Akaniuliza, "Nne ya kwanza naielewa. Hii ya pili wameitoa wapi?" Nikamwambia, "Bibi, wameitoa kwenye nafasi ya picha za mjukuu wako." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ningependa mwandishi wenu angelijibu kabla ya kuchapa jedwali: "Basi hiyo nyingine ya nne, ni nne kweli?" Nikamjibu ni nne kweli. Tukampigia mjukuu simu, tukaongea naye wote wawili, akachagua A05. Bibi aliongeza hela kidogo. Angeweza kuniuzia machungwa mwaka mzima akiamini gazeti limemdanganya, au mimi nimemdanganya, na sote wawili hatukustahili hilo.

Nisieleweke kwamba naipigia debe Samsung. Pop 8 ninaiuza na ninaipenda kwa mambo yake. Kioo chake kinakwenda kwa herzi 90, yaani kinachora picha mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo ukitelezesha kidole kinaonekana laini kuliko cha A05. Ina kisoma alama ya kidole ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. A05 haina kabisa, na jedwali lenu liliruka hapo. Kwa mzee asiyependa kukariri namba za siri, kidole ni msaada mkubwa. Ila hapa kwetu Tanga nina wateja wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na vidole vyao vimesuguliwa na kazi hadi alama haisomeki vizuri. Kwa hao nawaambia mapema wasilipie kitu ambacho hakitawafungulia simu.

Tecno pia inakuja na chaja yake. Boksi za A05 ninazopokea zina waya tu. A05 inakubali chaja ya wati 25 na Pop 8 inaishia wati 10, na mwandishi aliliandika hilo kama ushindi wa Samsung bila kusema kwamba kichwa cha wati 25 kinanunuliwa pembeni. Mtu wa Pangani aliyepanga bajeti yake hadi shilingi ya mwisho, akifika nyumbani akachomeka waya mpya kwenye kichwa cha zamani cha kiswaswadu chake, atachaji betri ya mAh 5000 tangu jioni hadi alfajiri. Bei ya A05 ni bei ya simu pamoja na chaja. Iandikwe hivyo.

Kamera sitaongea sana. A05 ina megapikseli 50, lakini kwa kawaida inaunganisha nukta nne kuwa moja na kukutolea picha ya megapikseli 12 na nusu. Kwa picha za mchana ni nzuri kuliko ya Pop 8, basi.

Kitu kilichonifanya nimshauri yule mjukuu achukue A05 ni masasisho, yaani marekebisho ya mfumo ambayo kampuni huendelea kuyatuma kwenye simu. A05 ilipotoka mwaka 2023 na Android 13, Samsung iliahidi matoleo mawili makubwa ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama. Pop 8 nayo ilitoka mwishoni mwa mwaka huo na Android 13, toleo la Go, bila ahadi ya namna hiyo. Go yenyewe si kitu kibaya. Google waliileta mwishoni mwa mwaka 2017 kwa ajili ya simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu, na ilipofika Android 13 walipandisha kiwango cha chini hadi GB 2. Hiyo peke yake inawaonyesha namna programu zinavyonenepa, na kwa nini simu yenye tatu leo itasongwa mapema. Mtu anayeweka hela zake zote kwenye simu, kuanzia mtaji wa genge hadi mchezo wa kikundi, anahitaji kujua matundu ya usalama yataendelea kuzibwa hadi lini. Kwenye ukurasa wenu mzima hapakuwa na neno hata moja juu ya hilo, ila rangi za makava mlizitaja zote.

Na kioo kikipasuka? Hilo nalo lingeulizwa, maana kwa simu za bei hii kioo ndicho kinachoamua kama simu itaendelea kuishi. Nawashauri wateja waulize bei ya kioo kabla ya kununua simu, waulize na kama kinapatikana mjini kwao au kinaagizwa Kariakoo, na kama ni OG, yaani halisi, au kopi, kwa sababu kopi nyingine zinakunywa betri na tachi yake inaruka. Kwa wavuvi wa Kigombe na wengine wanaokaa na hewa ya chumvi naongeza shimo la chaji. Pini zikishaota kutu ya kijani, simu yoyote kati ya hizi mbili itakuja mezani kwangu.

Najua wapo watakaosema msomaji wa kawaida hataki maneno mengi ya kifundi. Nakumbuka mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipotangaza kwamba simu bandia zitazimwa mwezi Juni. Kabla ya hapo watu wengi hapa mtaani hawakuwa wamewahi kusikia IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Redio na magazeti, na lenu likiwemo, yalieleza kwa Kiswahili chepesi: piga nyota reli sifuri sita reli, tuma namba hizo kwenda 15090. Wazee waliokuwa wanatumia viswaswadu walijifunza, wakawa wanakagua simu dukani kabla ya kutoa hela. Hivyo hivyo mtu anaweza kufundishwa kufungua mipangilio, kuingia sehemu ya kuhusu simu, na kusoma namba iliyo kabla ya alama ya kujumlisha.

Ninawaomba mambo machache. Jedwali lenu liwe na safu ya RAM halisi, na cha kuazima kikitajwa kitajwe mbali. Kila toleo la simu liwekwe kwenye mstari wake, msichanganye la GB 3 na la GB 4. Bei ijumuishe chaja pale isipokuwepo kwenye boksi. Na miaka ya masasisho ya usalama iandikwe hata kama jibu ni hakuna. Maduka nayo yanaweza kubandika karatasi ndogo yenye RAM halisi juu ya kila boksi. Mimi nimeshabandika kwenye kabati langu. Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake kisheria ni kumlinda mlaji dhidi ya matangazo yanayopotosha, ingefanya vyema kuangalia ukubwa wa herufi zinazotumika kwenye namba hizi.

Kwa sasa naomba mchape masahihisho katika toleo lijalo, kwenye ukurasa ule ule wa simu, kwa sababu ukurasa wa barua wateja wangu wengi hawaufungui. Mistari miwili inatosha. Tecno Pop 8: RAM GB 3 au GB 4, kulingana na toleo. Samsung Galaxy A05: RAM GB 4 au GB 6, kulingana na toleo.

Wako msomaji,
Fundi simu, Ngamiani, Tanga