Shukrani kwa mama mshauri wa Moshi

Mama, jina lako silitaji kwa kuwa ulikataa, ila shukrani zangu zikufikie. Nyumba ya mchungaji hugongwa hata saa nane usiku: msiba huku, ugomvi wa ndoa kule. Na mke wa mchungaji amlilie nani? Akimwambia mzee wa kanisa, kesho kwaya nzima inajua. Wewe hukutuhubiria (mahubiri tunayo ya kutosha!). Ulimsomea mume wangu 1 Wafalme 19, Eliya akiomba kufa chini ya mretemu, ukamwonyesha kwamba malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena. Baba watu akalia. Siku hizi Jumatatu simu yake inazimwa, na mzee wa zamu ndiye anayepigiwa. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie.