Risala ya klabu ya baiolojia ya mimea kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Sisi wanaklabu kazi yetu ni kufuatilia jeni za mimea, yaani zipi zinawaka na zipi zinazima pale mmea unapobanwa na ukame, chumvi au baridi. Mmea ukikosa maji unatengeneza homoni inaitwa asidi abisisiki, hiyo inafunga stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, ili maji yasipotee, na hapohapo inaamsha jeni kibao, mojawapo RD29A ambayo watafiti wa Arabidopsis wanaitumia sana kama kengele ya ukame. Arabidopsis ni kammea kadogo tu ila jenomu yake, yaani DNA yake yote, ndo ya kwanza ya mmea kusomwa, ikatangazwa mwaka 2000, na ina jeni kama 27,000 za kutengeneza protini.

Zamani walipima jeni mojamoja, siku hizi RNA zote, yaani nakala zinazotolewa na jeni zilizowaka, zinasomwa kwa mpigo, data nyingi zinawekwa mtandaoni bure, na programu kama DESeq2 ya kutafuta jeni zilizobadilika nayo ni bure, kwa hiyo hata sisi tusio na maabara tunaweza kuuliza swali la maana tukapata jibu.

Ila mgeni rasmi, kazi iko kwenye uchambuzi. Ukipima jeni 27,000 ukaruhusu kosa la asilimia 5 bila kurekebisha hesabu, jeni kama 1,350 zitaonekana zimebadilika hata kama hakuna kilichobadilika! Halafu kuna muda, jeni nyingi zinafuata saa ya ndani ya mmea, sasa wewe uchume majani ya mmea ulionyweshwa asubuhi na ya mmea wenye kiu jioni, utakachopata ni tofauti ya asubuhi na jioni, na programu haitakustua, itakuchorea grafu safi kabisa.

Tena RNA kuwa nyingi haimaanishi protini nayo ni nyingi, ndo maana tunataka kupima na jani lenyewe, stomata zimefunguka kiasi gani, na hapo ndipo tumekwama.

Tunaomba kompyuta moja yenye memori kubwa, intaneti ya uhakika, na porometa ya kupima stomata. Friza ya nyuzi hasi 80 ya kutunzia sampuli za RNA hatuiombi leo, tusije tukakukimbiza.

Naomba kuwasilisha.